WIKI YA MAPUMZIKO ILILETWA NA NANI?

Katika mkutano wetu uliopita Kamati ilipendekeza kwamba mashindano ya Kombe la Wanafunzi wa Zamani yaongezwe kutoka mechi 6 hadi mechi 10 kwa kila shule, na katikati iwekwe wiki moja ya mapumziko ili vijana wasichoke. Wengi walipiga makofi. Mimi sikupiga, na Katibu akaniagiza nieleze sababu zangu kwa maandishi.

Sababu hizo zinatoka mbali kidogo. Nilipokuwa masomoni Marekani kwa miaka miwili nilizoea kuutazama mpira wa wenyeji, ule wa kukamatana na kuangushana, unaochezwa kwa mpira wenye umbo la yai. Ligi yao kuu ya kulipwa, NFL, imelijaribu jambo hili hili kwa muda mrefu kuliko umri wangu.

Ligi hiyo ilianzishwa mwaka 1920 katika mji wa Canton, jimbo la Ohio. Mwanzoni kila timu ilijipangia mechi zake, na hata idadi hazikulingana. Mwaka 1961 kila timu ilicheza mechi 14, mwaka 1978 zikawa 16, na tangu mwaka 2021 ni 17. Na mapumziko je? Mwaka 1960 yalikuwako, lakini kwa sababu timu zilikuwa 13 na kila wiki ilibidi moja ikose mpinzani. Hiyo ilikuwa hesabu tu, haikuwa huruma. Wiki ya mapumziko kwa kila timu iliingizwa katika ratiba mwaka 1990: mechi zile zile 16 zikatandazwa katika wiki 17. Mwaka huo huo ilianza mikataba mipya ya televisheni, na wiki moja zaidi ya michezo ni wiki moja zaidi ya matangazo ya kuuza. Mwaka 1993 walijaribu wiki mbili za mapumziko, wakaziacha mwaka uliofuata. Katika habari hizi zote sijamkuta daktari aliyekalia kiti cha mbele.

Je, zilisaidia? Kwa miaka mingi timu iliyotoka mapumzikoni ilikuwa na nafuu juu ya timu isiyopumzika. Lakini makocha waliitumia wiki ile kwa mazoezi. Mwaka 2011, baada ya mgogoro ambao wenye timu waliwafungia wachezaji milango, mkataba mpya uliwapa wachezaji siku 4 mfululizo za kuwa huru katika wiki hiyo. Watakwimu waliolinganisha matokeo ya kabla na baada wameona kwamba tangu hapo ile nafuu imepungua mno, karibu haionekani. Mimi nasoma hivi: kilichozisaidia timu kilikuwa kazi ya ziada, iliyopewa jina la mapumziko.

Mechi ya 17 ilikubaliwa na wachezaji wenyewe mwaka 2020, pamoja na ahadi ya fungu kubwa zaidi la mapato, kwa kura 1,019 dhidi ya 959. Tofauti ni kura 60. Wiki ya mapumziko ilibaki ile ile moja, na timu iliyocheza Jumapili bado yaweza kuitwa uwanjani tena Alhamisi.

Vijana wataniuliza, kama mapumziko hayaongezi ushindi, basi ya nini? Kipimo cha watakwimu huuliza nani atashinda mechi inayofuata. Hakiulizi goti litakuwaje mtu akifika miaka 45. Langu nalijua. Nikiwa kidato cha tatu tulicheza mechi 5 katika siku 6. Siku moja haikuwa na mechi, nasi tuliamshwa alfajiri tukazungushwa uwanja mara 20, kwa kuwa eti siku ilikuwa tupu. Kesho yake, katika nusu fainali, goti la kulia liliteguka bila kuguswa na mtu. Ofisi yangu iko ghorofa ya tatu, na wenzangu wamezoea kunipita kwenye ngazi.

Kwa hiyo katika mkutano ujao nitapiga kura ya kukataa mechi 10. Nikishindwa, nitaomba iandikwe katika kanuni kwamba wiki ile mipira yote ifungiwe stoo, na ufunguo akae nao mtu asiyekuwa mwalimu wa michezo. Bibi Matroni angefaa.