Tunakopa, tutarudisha lini?

Juma hili nataka kuzungumza nanyi juu ya hesabu za darasa la tatu. Mambo makubwa ya dunia yapo, nayo tutayarudia. Leo tukae kidogo na daftari la mtoto.

Jioni moja mjukuu wangu, ambaye anakaa nami, aliniletea daftari lake. Hesabu kumi, amepata mbili. Mojawapo ya alizokosa ilikuwa 42 kutoa 17, naye aliandika 35. Nikamwambia arudie. Akarudia, akapata 35 tena. Nikapandisha sauti. Mara ya tatu nikamwita jina ambalo sitalitaja hapa. Mtoto hakulia. Aliifuta 35 ile kwa raba hadi karatasi ikatoboka, kisha akanyamaza. Kimya kile nilikitambua, maana nilikuwa nacho mimi mwenyewe nilipokuwa na umri kama wake.

Mimi ni mtoto wa UPE. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma, ikaazimia kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani. Lilikuwa azimio la heshima, na bila hilo wengi wetu tungebaki kuchunga mbuzi. Lakini watoto walimiminika, na walimu hawakutosha. Ndipo vijana waliomaliza darasa la saba walipochukuliwa kwa maelfu, wakafundisha huku wakijifunza ualimu kwa masomo ya posta na ya redio. Wenye mizaha wakasema UPE ni "Ualimu Pasipo Elimu". Mzaha huo haukuwa wa haki. Vijana wale ndio walionifundisha kusoma.

Hata hivyo, katika darasa letu wengine tulikaa sakafuni, na mwalimu hakuwa na njia ya kujua nani amepotea na amepotelea wapi. Tuliimba wote kwa pamoja: "Mbili kutoa saba haiwezekani, nakwenda kukopa." Niliimba na wenzangu bila kujua nakopa nini, wala kwa nani. Aliyekosa alichapwa. Basi nikajifunza kunyamaza.

Na nyumbani je? Mama yangu alikuwa akiuza mchele sokoni. Kutwa nzima alipima vibaba, vinne kwa pishi, akapokea fedha na kurudisha chenji bila kukosea hata senti. Lakini daftari langu hakuligusa. Alisema, "Hayo ni mambo ya shule, mwanangu." Nami nikaamini kwamba hesabu za shule ni kitu kingine kabisa, na zile za sokoni si hesabu.

Imani hiyo haikuwa yetu peke yetu. Mwaka 1957 Warusi walirusha Sputnik angani, na Wamarekani, kwa kuona wameachwa nyuma, wakaanza kubadili jinsi ya kufundisha hesabu. Mabadiliko hayo hayakuchelewa kufika kwetu. Mwaka 1962 wataalamu wa Kiafrika na wa kigeni walikusanyika Entebbe, Uganda, wakaanza kuandika vitabu vya hisabati za kisasa kwa ajili ya shule za Afrika. Mzazi aliyekuwa tayari kumsaidia mwanawe kujumlisha akakuta mambo ya seti, mabano na miduara. Akalifunga daftari. Huko Kenya Rais Moi alizifuta hisabati hizo mwaka 1981, lakini woga wa wazazi haukufutika kwa amri.

Miaka hiyo hiyo ya 1960, Wamarekani wawili, John Gay na Michael Cole, walikuwa Liberia wakichunguza kwa nini watoto wa Kikpelle wanashindwa hesabu shuleni. Waliweka mchele mbele ya watu wazima wa kabila hilo ambao hawakusoma, wakawauliza ni vikombe vingapi. Wakpelle wale walikisia kwa usahihi kuliko Wamarekani waliosoma. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1967. Mama yangu asingeshangaa hata kidogo.

Na hapa kwetu tulikwisha kulijua jambo hili. Tangu mwaka 1968 hadi 1972, Serikali kwa msaada wa UNESCO iliendesha mpango wa kisomo cha watu wazima katika mikoa ya Ziwa. Mkulima wa pamba alisoma habari za pamba, na hesabu zake zikawa za mizani, uzito na bei, kwa sababu asiyejua kuzidisha hupunjwa siku ya kuuza. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1967 watu wazima wapatao theluthi mbili hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia mwaka 1975 walikuwa wamepungua hadi 39 kwa mia. Mama naye alikwenda ngumbaru. Siku moja alirudi akicheka, akasema kumbe lile alilokuwa akilifanya na vibaba vyake miaka yote linaitwa kuzidisha.

Nilimkumbuka mama usiku ule. Nikalifunga daftari, nikatoa mfukoni noti nne za elfu moja na sarafu mbili za mia. Nikamwambia mjukuu wangu, "Hizi ni 4,200. Nilipe 1,700." Akanipa noti moja upesi. Akazitazama zile sarafu mbili, akaona hazifiki saba. Akafikiri. Kisha akasema, "Babu, tuchenji noti moja." Nikampa sarafu kumi. Akahesabu saba, akanipa. Zikabaki noti mbili na sarafu tano. Nikalifungua daftari, nikamwonyesha 42 kutoa 17. Akaandika 25 bila kuambiwa.

Halafu akauliza: "Babu, mwalimu anasema tunakopa. Tutarudisha lini?"

Swali hilo nilipaswa kuliuliza mimi mwaka 1977. Nikamweleza kwamba hapo hakuna deni, ni chenji tu: kumi moja imevunjwa ikawa moja kumi. Ndipo nilipomuuliza alivyoipata ile 35. Akasema alitoa ndogo kwenye kubwa, mbili kwenye saba, kwa sababu ndivyo kutoa kulivyo. Alikuwa na kanuni yake, nayo ilimfaa hadi siku ile.

Siku hizi mzazi wa mjini, akiona alama mbaya, hukimbilia fimbo au tuisheni. Mimi nasema, kwanza tumuulize mtoto, "Umepataje?" Tusikilize hadi tujue ni wapi njia ilimpotea, na ikiwa ni darasa la kwanza, turudi naye huko huko bila kumwonea haya. Tutumie maharage, vifuniko vya soda, chenji ya dukani. Robo saa kila jioni yatosha, kabla usingizi haujamshika. Asiyesoma pia aweza kuketi na mwanawe, maana haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe ni hesabu.

Juma lililopita alipata sita. Zile nne alizokosa tulikaa nazo mkekani.

Na kwa lile jina nililomwita, nilimwomba radhi. Hilo ndilo lililokuwa deni, nalo lilipaswa kurudishwa.