Mutoto Anapobanwa: Toka Mwepu Ilunga Mpaka Samatta



Kuko neno moja tunalisema haraka sana ku kiwanja: "Huyu mutoto anaogopa." Likitoka kinywani, basi limekwisha. Kijana wa miaka 16 anakosa penalti moja mbele ya watu wa mutaa, na toka siku ile hakuna mwenye anamupatia bale wakati mechi inakuwa moto. Leo ninataka tuangalie kidogo historia, zaidi historia ya mupira wa kwetu Katanga, tuone namna neno hilo linaweza kutudanganya, na namna tunaweza kupima vizuri zaidi.

Tuanzie ku masomo, sababu kule njo mupira wetu mukubwa ulizaliwa. Ekipi tunayoita leo TP Mazembe ilianzishwa mwaka wa 1939 na mapadri Wabenedikto wa masomo ya Saint-Boniface, wakati Lubumbashi iliitwa Élisabethville. Jina la kwanza lilikuwa Saint-Georges. Baadaye ikaitwa Englebert, jina la kampuni ya mipira ya magari. Mwaka wa 1967 na 1968 Englebert hiyo ikabeba kombe la Afrika mara mbili kwa kufuatana. Kwa hiyo swali letu ni la zamani: mechi ya kiwanja cha masomo inaweza kutuambia nini juu ya siku kubwa, wakati miguu inakuwa mizito na watu wote wanapiga kelele?

Mutu wa kwanza wa kutufundisha ni Mwepu Ilunga, beki wa Mazembe. Tarehe 22 Juni 1974, ku Gelsenkirchen mu Ujerumani, Zaire ilicheza na Brazil ku Kombe la Dunia. Brazil wakapata mupira wa adhabu. Wachezaji wao wako wanapanga nani atapiga. Mara Mwepu akatoka mu ukuta, akakimbia, akaipiga bale mbali kabisa. Muamuzi akamupa kadi ya manjano. Dunia nzima ikacheka, na mpaka leo wanaonyesha ile picha: "Ona Waafrika, hawakujua hata sheria ya mupira."

Lakini Mwepu alijua sheria. Miaka nyuma alieleza mwenyewe: wachezaji hawakulipwa feza zao, na kisha kupigwa 9 kwa 0 na Yugoslavia, watu wa Mobutu walikuja kuwaambia kama Brazil ikifunga magoli 4, hakuna mwenye atarudia nyumbani. Mechi ikaisha 3 kwa 0. Basi ile bale iliyopigwa mbali ilikuwa hasira ya mutu aliyebanwa pande zote, hapana ujinga. Waliomuhukumu waliona mguu wake tu. Kile kilichokuwa kinamubana hawakukiona. Njo somo la kwanza: usipime roho ya muchezaji kama haujajua uzito wenye alikuwa nao ku mabega.

Somo la pili linatoka mbali, ku Marekani, mu ile mupira yao ya kubeba kwa mikono. Kule kuko muchezaji anaitwa kwotabeki. Karibu kila mara mupira unaanzia kwake, na ana sekunde tatu hivi za kuchagua nani wa kumutupia, huku majitu ya kilo mia na zaidi yanamukimbilia. Kila mwaka ekipi kubwa zinachagua vijana kutoka mechi za vyuo vikuu. Wanapima urefu, mbio, nguvu ya mukono. Mwaka wa 2000 walichagua watu 198 mbele ya kufika kwa Tom Brady wa chuo kikuu cha Michigan. Alikuwa wa 199! Kumbe kule ku mechi za chuo alama ilikuwa imekwisha kuonekana. Tarehe 1 Januari ya mwaka ule, mu mechi na Alabama, ekipi yake ilikuwa nyuma kwa pointi 14, ikarudi. Ikawa tena nyuma kwa pointi 14, ikarudi tena, na mwishoni ikashinda 35 kwa 34. Huyo akakuja kubeba kombe la kwao mara 7. Vyombo vya kupimia vilipima mwili muzuri sana. Lakini hakuna saa inayopima kile mutu anafanya kisha mambo kuharibika.

Sasa muniruhusu niongee kama mutu wa shamba. Tukitaka kujua kama mbegu ya mahindi inavumilia jua, hatuipande mwaka wa mvua nyingi, kando ya maji, na mbolea tele, kisha tuhesabie magunia. Hapo kila mbegu inaonekana muzuri. Tunaangalia hasa wakati mahindi inatoa maua na ndevu, sababu maji yakikosa siku zile, mavuno inaanguka sana. Tena hatupande fasi moja tu. Tunarudilia ku mashamba mbalimbali, juu shamba moja linaweza kuwa na mchwa, ao udongo muchovu, na mbegu haina kosa. Na wa lazima zaidi: tunaandika mvua ilikuwa kiasi gani. Namba ya mavuno bila habari ya mvua, hiyo ni uvumi tu.

Kwa mupira ni vilevile. Goli tano mbele ya ekipi dhaifu ni mahindi ya kando ya mufereji. Penalti moja iliyokosewa ni shamba moja tu lenye mchwa.

Mufano muzuri wa kupima namna hii uko kwetu wenyewe. Mwaka wa 2011 Mazembe ilikutana na Simba ya Dar es Salaam mu kombe la mabingwa wa Afrika. Mazembe ilishinda hapa Lubumbashi 3 kwa 1, ikashinda na kule Dar 3 kwa 2. (Baadaye CAF ikaiondoa Mazembe juu ya muchezaji asiyeruhusiwa, lakini ile ni hadisi ingine.) Simba walikuwa wamepigwa mara mbili. Mutu wa haraka angesema hakuna kitu cha kuchukua kule. Lakini kati ya wale waliopigwa kulikuwa kijana wa miaka 18, Mbwana Samatta. Mwaka uleule Mazembe ikamununua. Ilimuona wakati ekipi yake ilikuwa inateseka, mbele ya mabeki wakubwa, ku kiwanja cha wageni na ku kiwanja cha kwao. Hiyo ni kupima wakati wa jua kali.

Na hata hivyo haikuwa uchawi wa siku moja. Alipewa miaka. Tarehe 8 Novemba 2015, mu fainali na USM Alger ku Kamalondo, penalti ya kipindi cha pili ilikuja kwake, na akaifunga. Mazembe ikabeba kombe. Mwezi wa kwanza wa 2016 akaitwa muchezaji bora kati ya wale wanaocheza mu Afrika. Roho ile haikutoka mbinguni yote. Ingine ilipandwa na kunyweshwa hapa.

Basi sisi wa Kilwa tufanye nini? Mu mwezi wa saba na wa nane masomo yanafungwa, mashindano ya vijana inaanza, na sisi tuliosoma njo tunaombwa kusema mutoto gani atumwe Lubumbashi. Neno letu linaweza kumufungulia kijana njia, ao kumubakiza ku mitumbwi ya ziwa Moero maisha yote bila hata kuonwa. Mimi ninapendekeza daftari moja tu. Tusiandike magoli peke yake. Tuandike kila fasi kijana alibanwa: ekipi yake ilikuwa nyuma, adui wawili wako juu yake, watu wanamuzomea. Kisha tuandike alifanya nini na bale iliyofuata kisha kosa lake: aliiomba tena, ao alijificha nyuma ya wenzake? Tufanye hivyo kwa mechi sita ao saba, mbele ya ekipi za nguvu na zile za hivi-hivi. Na pembeni tuandike "mvua": alikula asubuhi? Alitoka kulala ku mazishi? Alitembea kilometa ngapi mbele ya kucheza?

Kuko wale ambao, hata kisha mechi saba, watajificha kila mara. Hao tuwaambie ukweli kwa upole, sababu kuwatuma vilevile ni kuwatesa. Lakini mechi moja haitoshe kumuita mutoto muoga. Mwepu Ilunga alikufa mwaka wa 2015, na watu wangali wanacheka ile kiki yake. Tusifanye vilevile na watoto wetu.