Mtoto wa Mbwa, Tandiko na Kandambili: Historia Fupi ya Adhabu

Mwaka jana nililetewa mtoto wa mbwa wa miezi mitatu. Nikamwekea kigodoro cha sponji, juu yake blanketi la zamani. Siku ya tatu narudi kutoka maktaba, nakuta sponji imetapakaa chumba kizima kama bisi na blanketi lina matundu. Nikavua kandambili, nikampiga. Kesho yake hivyo hivyo. Kufika wiki ya pili blanketi limebaki matambara, na mbwa ana tabia mpya: akisikia tu funguo zangu mlangoni, anajikojolea na kujificha chini ya meza.

Yaani nilikuwa nimemfundisha kitu kweli, ila sio nilichokusudia. Ndipo nikaanza kujiuliza: hii imani kwamba mbwa "anaelewa" kipigo, kuna mtu aliwahi kuipima? Kumbe wapo, na historia yao ina zaidi ya miaka mia moja.

Tuanzie Ujerumani. Mwaka 1910 Konrad Most, afisa aliyekuwa akifundisha mbwa wa polisi, alichapisha kitabu cha mafunzo ya mbwa. Mbinu zake zilikuwa kali: fimbo, na kola yenye miiba. Lakini Most alisisitiza jambo moja ambalo wengi waliorithi fimbo yake hawakulirithi, nalo ni wakati. Mbwa hana maadili ya kibinadamu, alisema. Tuzo au adhabu isipokuja papo hapo, haunganishi na kosa. Mimi nilikuwa napiga saa nne baada ya blanketi kuchanwa.

Huko Marekani, swali lilikuwa limeshaingia maabara. Mwaka 1898 Edward Thorndike alifungia paka na mbwa ndani ya masanduku yenye komeo, akapima muda waliotumia kujifungua. Aliona kuwa tendo linaloleta matokeo mazuri hurudiwa. Mwanzoni aliamini pia kwamba matokeo mabaya hufuta tendo kwa nguvu ileile. Kufikia miaka ya 1930, baada ya majaribio mengine, alibadili msimamo: tuzo hujenga, ila adhabu haifuti kwa kiwango alichodhani.

Mwaka 1938 B. F. Skinner alieleza jaribio la panya waliozoea kubonyeza wenzo ili wapate chakula. Chakula kilikatwa, na kundi moja likawa linapigwa kwenye nyayo na wenzo wenyewe kila likibonyeza. Panya hao walipunguza haraka. Lakini kipigo kilipokoma, walirudia, na mwishowe idadi ya mabonyezo yao ikakaribia ya wenzao ambao hawakupigwa. Adhabu ile ilizima tendo kwa muda tu. Hamu ilikuwa bado ipo. Ndiyo maana mbwa wangu alitulia nikiwepo, nikitoka tu anarudi kwenye blanketi.

Hapo ungesema basi, jibu ni tuzo tupu. Wanafunzi wawili wa Skinner, Keller na Marian Breland, walifikiri hivyo. Walifungua kampuni ya kufundisha wanyama kwa ajili ya maonyesho na matangazo, wakafundisha zaidi ya wanyama 6,000 wa spishi 38. Mwaka 1961 wakaandika makala ya kukiri yaliyowashinda. Nguruwe aliyefundishwa kubeba sarafu ya mbao na kuitumbukiza kwenye kibubu alianza kuiangusha njiani, kuifukua kwa pua na kuirusha juu, ingawa kufanya hivyo kulimchelewesha chakula. Rakuni, mnyama mdogo wa Amerika, badala ya kutumbukiza sarafu zake alizisugua mikononi kama anaziosha. Hitimisho lao: silika ya mnyama hairuki mbali. Ukimfundisha kinyume nayo, mwisho wa siku itarudi.

Na silika ya mtoto wa mbwa ni mdomo. Ana meno 28 ya utoto, ambayo kuanzia takribani miezi minne yanapisha meno 42 ya ukubwani. Fizi zinawasha, kutafuna kunampa nafuu, na sponji ni laini na inachanika vizuri. Hapo hakuna ukaidi wowote.

Basi kama kutafuna hakuzuiliki, kielekezwe. Katika miaka ya 1970 huko Colorado, Joe Markham alikuwa na mbwa aliyeharibu meno yake kwa kutafuna mawe. Siku moja akiwa anatengeneza gari lake la Volkswagen, mbwa akadaka kipande cha mpira kutoka kwenye vyuma vya gari, akaacha mawe. Mpira ule ndio uliozaa Kong, kifaa cha kutafuna kinachouzwa hadi leo.

Lakini, utasema, mbona mbwa "anajua" amekosea? Si anainamisha kichwa? Mwaka 2009 Alexandra Horowitz alijaribu hilo kwa mbwa 14. Wenye mbwa waliambiwa kwamba mbwa amekula kitu alichokatazwa, wakati mwingine si kweli. Sura ya hatia ilifuata kugombezwa, si kosa. Tena ilijitokeza zaidi kwa mbwa ambaye hakukosa ila kagombezwa.

Hilo ndilo lililoniuma. Kule chini ya meza hakukuwa na majuto, kulikuwa na hofu.

Nikabadilisha mambo. Sponji niliitoa kabisa, kwa sababu vipande vikimezwa vinaweza kuziba utumbo. Kwa muda akalalia mkeka wa mpira. Nikampa kitambaa kilicholowanishwa na kugandishwa kwenye friji, atafune nikiwa namwangalia, na mpira mgumu wenye chakula ndani wakati natoka. Kabla ya kutoka tunatembea kwanza, achoke. Nikimkuta anang'ata tandiko, namkatiza kwa sauti ya kawaida, nampa mpira, akiushika namsifu hapo hapo.

Meno yalipoisha kubadilika, nilirudisha blanketi. Lina tundu moja tu. Hofu ndiyo iliyochelewa kuondoka: ilichukua miezi mitano kabla hajaanza kuja mlangoni akisikia funguo. Hadi leo, nikiinama kuvua kandambili, anarudi nyuma hatua mbili.