Fundi Asiye na Kazi: Kisa cha Mashine za Maytag

Wasomaji wangu, leo tuziache tarakilishi kidogo tuzungumzie mashine ya kufulia nguo.

Mwaka 1967 Wamarekani walianza kuona kwenye televisheni tangazo la fundi mpweke. Fundi huyo, aliyeigizwa na Jesse White hadi mwaka 1988, hakuwa na la kufanya kwa sababu mashine za Maytag haziharibiki! Tangazo ni tangazo, lakini wengi waliliamini kwa kuwa ushahidi ulikuwa nyumbani kwao.

Kampuni yenyewe ilianza mwaka 1893 mjini Newton, jimbo la Iowa, ikiunda zana za shamba. Mashine yake ya kwanza ya kufulia ilitoka mwaka 1907. Wakulima wasio na umeme waliuziwa baadaye mashine zenye injini ndogo ya petroli. Zile za kukamua nguo kati ya roli mbili ziliendelea kuundwa hadi mwaka 1983.

Je, siri ilikuwa nini? Si uchawi. Ndani ya mashine ya miaka ya 1960 mlikuwa na mota, mkanda, pampu, gia na taima. Taima ilizunguka polepole, ikiwasha na kuzima swichi moja baada ya nyingine. Hiyo ndiyo iliyokuwa programu yake, na fundi aliweza kuisoma kwa macho. Mkanda ukikatika, anafungua, anaweka mwingine, kazi imekwisha.

Leo mambo ni mengine. Katika baadhi ya mashine pipa la nje ni la plastiki na limeunganishwa lisifunguke. Beringi ndogo ikiisha, itakubidi ununue pipa zima.

Hata hivyo, tusidanganyane. Mashine za zamani tunazozisifu ni zile zilizosalia; zilizokufa mapema zilikwishayeyushwa kuwa chuma chakavu. Tena zilikunywa maji kupindukia. Mashine za sasa hutumia maji machache zaidi, na vihisio na kadi za elektroniki husaidia katika hilo. Basi adui si elektroniki. Shida ni kumfungia fundi mlango.

Maytag ilinunuliwa na Whirlpool mwaka 2006, na mwaka uliofuata kiwanda cha Newton kikafungwa. Lakini hoja yake haikufa. Tangu Machi 2021, Umoja wa Ulaya unawataka watengenezaji wa mashine hizi kuhakikisha vipuri muhimu vinapatikana kwa angalau miaka 10 baada ya modeli kuacha kuuzwa. Programu za ndani zimo pia.

Sisi waandishi wa programu tunalijua jambo hili vyema: msimbo unaodumu ni ule ambao mtu mwingine anaweza kuufungua, akauelewa na kuurekebisha.

Kwa hiyo ukienda dukani, usiishie kuuliza dhamana ni ya miaka mingapi. Uliza pia beringi hubadilishwaje, na nani anauza kadi yake.