Mafini Zenye Ladha ya Donati: Safari ya Kungumanga Hadi Jikoni kwa Watu wa Tunduma

Tunduma ni mji wa ajabu kidogo ukija kwenye mambo ya vitafunwa. Mwambie muuza chai wa upande wa Tanzania akupe kitumbua, utaletewa kile cha mchele, kimepikwa kwenye chuma chenye vishimo, kinanukia iliki na kingo zimekauka vizuri. Sasa vuka mpaka uingie Nakonde, upande wa Zambia, uombe vitumbua kwa jina hilohilo. Utapewa madonge ya unga wa ngano yaliyodumbukizwa kwenye mafuta ya moto, kitu ambacho Mtanzania angekiita andazi la duara, au kalimati iliyosahau shira. Jina moja, hatua chache tu, vitu viwili tofauti kabisa.

Na huo mpaka wenyewe haukuchorwa na mtu aliyewahi kula kitumbua. Wajerumani na Waingereza waliuandika kwenye mkataba uliosainiwa Berlin Julai 1890, na moja ya mambo waliyobishania huku ni Barabara ya Stevenson, njia iliyokusudiwa kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Mwingereza aliitaka ibaki kwake, akaipata. Wanyamwanga wakajikuta wako nchi mbili bila kuhama nyumba. Mashangazi huku, wajomba kule. Kinachopikwa jikoni nacho kikaendelea kuvuka kila siku kama kawaida.

Ndiyo maana hili wimbi la mafini zenye ladha ya donati, zile keki ndogo za kikombe zinazookwa halafu zikachovywa kwenye sukari hadi ziwe na ngozi inayong'aa, halipaswi kumshangaza mtu wa Tunduma hata kidogo. Umbo la kitu kimoja, ladha ya kitu kingine? Huko wamezoea. Na kuna hafukeki, ile inayouzwa kwenye vioo vya vibanda nchi nzima: inaitwa keki, inakaribia keki kwa ladha, lakini imekaangwa kwenye karai. Mafini ya donati ni hafukeki iliyogeuzwa. Hii imeokwa, ladha ndiyo ya kukaangwa.

Swali la msingi ni hili: ladha ya donati inakaa wapi hasa?

Wengi watasema kwenye mafuta. Mafuta yanachangia, hakuna ubishi, ila kaanga andazi la kawaida la maji, hamira na sukari, uone kama kuna atakayeliita donati. Siri kubwa ya donati ile ya kizamani ya Kimarekani (ile nzito kama keki, siyo ile ya hamira iliyojaa hewa) ni kungumanga. Kipande kidogo kilichokunwa, basi. Ukikitoa, unabaki na andazi lenye tundu.

Na kungumanga ina historia ambayo ingeweza kuwa tamthilia ya misimu mitano. Jina lake la Kiswahili linasema kungu ya Manga, yaani ya Uarabuni, kama pilipili manga. Watu wa pwani waliipa jina la aliyewaletea. Mwarabu mwenyewe hakuilima. Kwa karne nyingi miti hiyo ilikuwa inapatikana sehemu moja tu duniani, visiwa vidogo vya Banda, vilivyoko leo Indonesia. Waholanzi walipovitaka, mwaka 1621 waliwaua na kuwafukuza karibu wenyeji wote, wakaleta watumwa kulima. Kisiwa kimoja, Run, kilikuwa kinadaiwa na Waingereza. Mwaka 1667, kwenye Mkataba wa Breda, mambo yakamalizwa: Mholanzi abaki na Run, Mwingereza abaki na koloni la Kiholanzi la Amerika alilokuwa ameshaliteka, likiwemo eneo la Manhattan. Soma tena taratibu. Kisiwa cha kungumanga upande mmja wa mizani, New York upande wa pili, na wakati ule Mholanzi alijiona mjanja.

Utamu wa kisa ni kwamba Waholanzi haohao wa New York ndio wanaotajwa kuwa walipeleka Amerika madonge yao ya kukaangwa, olykoek, yaani keki za mafuta, ambayo baadaye yakawa donati. Tundu la katikati linadaiwa kuwa kazi ya baharia mmoja wa Maine, Hanson Gregory, aliyesema alilitoboa mwaka 1847 akiwa kijana wa miaka 16 kwa sababu katikati palikuwa hapaivi. Kwao wamemwekea bango la kumbukumbu. Mtu ametoboa tundu, kapata bango!

Mwanamke wa jikoni hana bango. Na si yeye peke yake. Bekingi pauda, bila hiyo hakuna mafini ya aina hii, ilitengenezwa na mwenye duka la dawa wa Birmingham, Alfred Bird, mwaka 1843, kwa sababu mke wake alikuwa anadhurika na hamira. Dunia nzima inaumua keki kwa tatizo la mama mmoja ambaye hata wapishi wazuri hawamfahamu.

Mfaransa Pierre Poivre alivunja ukiritimba wa Mholanzi kwa kufanya mipango ya kutorosha miche ya kungumanga na karafuu hadi Mauritius mwaka 1770. Kutoka visiwa hivyo vya Bahari ya Hindi karafuu ikafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na leo mtalii anayetembezwa kwenye mashamba ya viungo Zanzibar huonyeshwa pia tunda la kungumanga likiwa limepasuka, na ile nyavu yake nyekundu, basibasi, imekumbatia kokwa. Kwa hiyo kiungo kinachoifanya donati iwe donati kinaota hapahapa nchini. Kuagiza "ladha ya donati" kwenye kichupa kutoka ng'ambo ni kazi ya bure.

Bado ile ngozi ya sukari. Hapo pwani wanacheka tu, maana kalimati zimekuwa zikiogeshwa kwenye shira muda mrefu. Jina limetoka kwenye Kiarabu, luqaimati, tonge ndogondogo. Kitabu cha mapishi kilichoandikwa Baghdad mwaka 1226 na al-Baghdadi kina ndugu yake, luqam al-qadi, matonge ya kadhi: unga ulioumuka, ukakaangwa, ukachovywa kwenye utamu. Hiyo ni zaidi ya miaka 600 kabla ya kijana wa Maine na tundu lake. Yaani anayepika kalimati za Ramadhani Kariakoo na anayechovya mafini Tunduma wanafanya tendo moja: kitu cha moto kinakutana na sukari, sukari inagandia nje, meno yanaipasua kabla ya kufika ndani.

Sasa unga ulifikaje kuwa kitu cha kawaida huku juu, zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam?

Ngano inalimwa Nyanda za Juu Kusini, ila chakula cha watu wa eneo hili kilikuwa ulezi, mtama, baadaye mahindi, na mchele kutoka Kyela na bonde la Momba. Andazi ni chakula cha barabara. Na barabara ilichangamka kwa sababu ya siasa: Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia, isiyo na bahari, ikajikuta njia yake ya kusini imekuwa mashakani. Mafuta yakaanza kupita Tanzania kwa malori, kwenye njia ya tope na vumbi iliyokuwa mbaya kiasi kwamba madereva wakaibatiza jina la mbio za jehanamu. Bomba la TAZAMA likakamilika 1968. Lami ikafuata. Halafu reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kuanzia 1970, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Inavuka mpaka hapohapo Tunduma.

Vitabu vya historia vinataja marais, wahandisi na tani za shehena. Sawa. Lakini dereva aliyekwama siku mbili, kuli wa stesheni, fundi, karani wa forodha, wote walitakiwa kula asubuhi, na uji haubebeki mfukoni. Andazi linabebeka. Aliyeamka saa kumi usiku akakanda, akasubiri uumuke, akabeba beseni hadi kwenye foleni ya malori, jina lake haliko kwenye kitabu chochote cha reli. Wala hakuwa mmoja, ni wengi, mama na binti, kizazi baada ya kizazi. Nazi ilikuwa mbali na bei yake si ya mchezo, kwa hiyo andazi la pwani lenye tui likapanda mlima likafika bila tui. Iliki ilitumika pale ilipopatikana. Kila aliyebadilisha kipimo kwa sababu ya kilichokuwepo ndani alikuwa anaandika historia ya ladha, na hakuna aliyemwuliza.

Tangu Oktoba 2019, kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilipozinduliwa, wazo ni kwamba gari likaguliwe mara moja tu liendelee. Foleni ikipungua nchi inapata. Muuza maandazi ya foleni naye inabidi atafute mteja wa kukaa, siyo wa kukwama. Mteja wa kukaa ana masharti: anataka kifungashio, anataka kitu cha kupiga picha, anataka kisichoacha mafuta kwenye vidole akiwa ameshika simu. Mafini inaingia hapo.

Halafu bei. Mafuta ya kula yalipanda vibaya 2021, na Februari 2022 vita ya Urusi na Ukraine ikagusa ngano na alizeti kwa mpigo, maana nchi hizo mbili ni wauzaji wakubwa wa vyote viwili. Kila anayekula mtaani anakumbuka: andazi halikupanda bei, lilisinyaa. Shilingi ileile, andazi dogo. Kukaanga kunataka karai lijae, lita na zaidi, hata kama utapika kumi tu. Mafini 12 zinataka nusu kikombe cha mafuta, basi. Ila tusidanganyane, mayai na maziwa navyo vina bei, na mkaa wa kuokea hauji bure. Anayeingia biashara hii akidhani kuoka ni rahisi kuliko kukaanga ataumia. Faida ni kwamba mafini haihitaji kuuzwa ikiwa ya moto. Andazi la asubuhi likifika saa nane mchana ni jiwe.

Vipimo havina uchawi. Unga wa ngano vikombe viwili, bekingi pauda vijiko viwili vya chai, chumvi robo kijiko, kungumanga iliyokunwa hapohapo nusu kijiko. Usizidishe ukidhani ndiyo utamu. Kungumanga nyingi inachafua ladha, na ikizidi sana inadhuru mwili. Pembeni piga sukari robo tatu ya kikombe na mafuta nusu kikombe (changanya nusu siagi kama ipo), mayai mawili, kisha maziwa kikombe kimoja. Mimina kwenye unga, koroga kwa mwiko mpaka unga mkavu upotee tu, uache. Hapa ndipo wazoefu wa maandazi wanapokosea, mkono umezoea kukanda. Ukikoroga sana inakuwa mpira.

Oveni ni nyuzi 190, dakika 18 hadi 20. Nyumba nyingi hazina oveni, na hilo halijawahi kumzuia mtu: sufuria kubwa nzito, mchanga mkavu chini, vikombe vya bati juu yake, funika, makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko. Ni kupalia kulekule kwa mkate wa kumimina na keki za harusi za zamani. Moto wa juu ndio unaoivisha uso. Chomeka kijiti, kikitoka kikavu toa.

Kuchovya ndiko kunakoipa jina. Sukari ya unga kikombe kimoja, maziwa vijiko viwili au vitatu vya chakula, vanila kidogo, ukoroge hadi iwe nzito kama uji mwepesi. Kama sukari ya unga haipatikani dukani, saga ya kawaida kwenye blenda. Chukua mafini ikiwa bado ya vuguvugu, igeuze kichwa chini, ichovye, iache dakika kama kumi ikauke, kisha ichovye tena. Ile ya kwanza inazama ndani, ya pili ndiyo inayokaa juu na kung'aa. Anayependa pwani aweke shira ya iliki badala yake, ila alie sahani, maana inanata.

Na kahawa ya kushushia isitafutwe mbali. Mbozi iko palepale mkoani, inalima kahawa toka kabla Songwe haujakatwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na nyingi inapakiwa kwenda nje kabla mtu wa Tunduma hajaionja.