Karatasi za Kongo: kutoka moto wa Brussels hadi kompyuta za biro

Mwezi wa nane mwaka wa 1908, karatasi za Dola Huru ya Kongo zilichomwa moto mjini Brussels kwa muda wa siku nane, kwa amri ya mfalme Leopold II. Barua, hesabu na amri za utawala wake zikageuka majivu. Tarehe 15 mwezi wa kumi na moja mwaka huohuo, Ubelgiji ikapokea Kongo kuwa koloni lake. Inchi ilikabidhiwa, lakini sehemu kubwa ya kumbukumbu zake haikukabidhiwa.

Leopold alielewa jambo ambalo raia wa Kongo wamelipata kwa uchungu hadi leo: karatasi isiyo na nakala ikipotea, haki iliyoandikwa ndani yake nayo inakosa shahidi.

Miaka 52 baadaye karatasi hazikuchomwa, zilisafirishwa. Kuelekea uhuru wa tarehe 30 mwezi wa sita mwaka wa 1960, Wabelgiji walipeleka kwao sehemu kubwa ya faili za utawala wa koloni. Zilikaa kwa miaka mingi chini ya wizara yao ya mambo ya nje, zikiitwa Arshivu za Afrika, na ukizipanga kwenye rafu moja zinafika kilomita nyingi. Karatasi nyingi za utafiti wa udongo na madini ziko kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels. Mwanafunzi wa Lubumbashi au wa Kisangani anayetaka kusoma faili ya asili inayohusu kijiji cha babu yake anahitaji pasipoti, viza na tiketi ya ndege. Faili hiyo ikiskaniwa na nakala yake ikafika Kongo, anahitaji tu kompyuta na intaneti.

Karatasi zilizobaki inchini nazo zina historia yake. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa saba mwaka wa 1973 inasema ardhi ni mali ya serikali, na kwamba mwenye parseli anathibitishwa na cheti cha uandikishaji. Cheti hicho kinatengenezwa mara mbili: kimoja kinabaki ndani ya kitabu cha biro ya ardhi, kingine anapewa mwenyewe. Wazo lilikuwa zuri: kimoja kikipotea, kingine kinasema. Lakini nakala mbili katika muji mmoja zinaweza kukutwa na balaa moja. Tena, ile ya biro iko ndani ya kabati, na kabati lina ufunguo, na ufunguo uko mkononi mwa mtu. Ukurasa ukichanwa, au faili ikisemwa kuwa haionekani, mjane mwenye cheti chake cha zamani atashindana vipi na mtu aliyekuja na cheti kipya cha parseli ileile?

Tarehe 17 mwezi wa kwanza mwaka wa 2002, wenyeji wa Goma waliona maana ya neno balaa. Volkano ya Nyiragongo ilitapika, moto wake ukapita katikati ya muji mpaka ndani ya ziwa Kivu. Makumi ya maelfu ya watu walibaki bila nyumba. Nyumba iliyofunikwa ilienda pamoja na sanduku lililokuwa chini ya kitanda: cheti cha kuzaliwa, diploma, karatasi ya kiwanja. Watu walijenga tena juu ya mawe meusi. Lakini mtu hawezi kujenga tena diploma kwa mikono yake. Inabidi pawe mahali pengine panapokumbuka kwamba alisoma.

Kongo tayari imeonja faida ya mahali pengine hapo. Hesabu ya mwisho ya watu wote wa inchi ilifanyika mwaka wa 1984. Mwaka wa 2005, kwa kujitayarisha na uchaguzi, zaidi ya watu milioni 25 waliandikishwa kwa kompyuta, pamoja na picha na alama za vidole. Kadi ya mpiga kura ikawa ndiyo kitambulisho cha watu wengi. Aliyeipoteza aliweza kuomba nakala, kwa sababu jina lake halikuwa kwenye kadi peke yake.

Ng'ambo ya mpaka wa Goma, Rwanda iliandikisha parseli zaidi ya milioni 10 kuanzia mwaka wa 2009, na tangu mwaka wa 2023 inatoa vyeti vya ardhi kwa njia ya elektroniki. Anayetaka kununua anaweza kuuliza rejista kabla ya kutoa pesa.

Lakini kompyuta si dawa ya kila ugonjwa. Usiku wa kuamkia tarehe 13 mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 2018, depo ya tume ya uchaguzi iliungua mjini Kinshasa, na maelfu ya mashine za kupigia kura zikateketea siku kumi kabla ya tarehe ya uchaguzi, ambao ukasogezwa mbele kwa wiki moja. Mashine zilizowekwa pamoja ziliungua kama karatasi zingeungua. Biro inayoskani faili zake zote na kuziweka kwenye kompyuta moja, bila nakala mahali pengine, bila umeme wa akiba, na neno la siri likijulikana na mkubwa peke yake, imebadilisha kabati tu.

Watu wengi wanasifu faili za elektroniki kwa sababu zinaharakisha kazi na kupunguza foleni. Ni kweli, lakini kwa Mukongomani hilo ni dogo. Kubwa ni mambo mawili: nakala kukaa katika miji zaidi ya mmoja, na mfumo kuandika nani alifungua faili, siku gani, na alibadilisha nini. Mwaka wa 1908 mtu mmoja aliweza kuamuru kumbukumbu za inchi nzima zichomwe. Kama nakala zingekuwa mahali pengi, siku nane za moto zisingetosha.