Homoni Inayotafutwa na Mnyama: Historia ya Swali la Testosteroni katika Maabara, 1935–2005

Mwaka 1990 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoziweka steroidi za kujenga misuli, testosteroni ikiwamo, katika kundi la tatu la dawa zinazodhibitiwa. Miaka miwili kabla ya hapo, mwanariadha wa Kanada, Ben Johnson, alikuwa amevuliwa medali ya dhahabu ya mbio za mita 100 mjini Seoul baada ya kupatikana na stanozololi mwilini. Chama cha Madaktari cha Marekani kiliipinga hatua hiyo ya Bunge. Mjadala huo uliacha swali moja la msingi bila jibu: je, mtumiaji huvutwa na homoni yenyewe, au huvutwa na yale inayomletea, yaani misuli, ushindi na sifa? Insha hii inadai kwamba ushahidi wa kimaabara kuhusu swali hilo ulikusanywa kwa sehemu kubwa baada ya sheria kupitishwa, na kwamba wanyama walifaa kulijibu kwa sababu mnyama hajitazami kwenye kioo wala hashindanii medali.

Testosteroni ilitengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1935 na kundi la Ernst Laqueur mjini Amsterdam. Mwaka huohuo Adolf Butenandt na Leopold Ruzicka, kila mmoja kwa upande wake, waliitengeneza kutokana na kolesteroli. Wanakemia hao wawili walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1939. Kwa miongo kadhaa iliyofuata, jaribio la kawaida lilikuwa kumhasi mnyama, kumrudishia homoni, kisha kupima mabadiliko katika kujamiiana au kupigana. Katika utaratibu huo homoni ilichukuliwa kuwa kichocheo cha tabia. Iwapo mnyama mwenyewe angeitafuta homoni hiyo lilikuwa swali lisilo na nafasi, kwa kuwa aliyeamua kipimo na wakati wa kuitoa alikuwa mtafiti.

Nafasi hiyo ilifunguliwa na utafiti mwingine kabisa. Mwaka 1954, katika Chuo Kikuu cha McGill, James Olds na Peter Milner walionesha kwamba panya hubonyeza wenzo mara nyingi ili kujipatia msisimko wa umeme katika sehemu fulani za ubongo. Tangu hapo raha ya mnyama iliweza kukadiriwa kwa kile anachokubali kukifanyia kazi. Mbinu ya pili ilitumia sanduku lenye vyumba viwili visivyofanana: panya hupewa dawa akiwa katika chumba kimoja na kimiminika kisicho na dawa katika kingine, kisha huachwa achague bila kupewa chochote. Akikaa zaidi katika chumba cha dawa, inahukumiwa kwamba dawa ilimpendeza.

Mbinu hiyo ilipotumiwa kwa testosteroni katika miaka ya 1990, panya dume walikipendelea chumba walichokihusisha na homoni. Gerianne Alexander, Mark Packard na Melissa Hines walitangaza matokeo hayo mwaka 1994. Mwaka 1997 Packard na wenzake walionesha kwamba upendeleo huo hutokea hata homoni ikidungwa moja kwa moja katika nukliasi akumbensi, eneo la ubongo linalohusishwa na raha; mwaka uliofuata waliuzuia kwa dawa inayofunga vipokezi vya dopamini. Kwa hiyo maelezo ya misuli pekee yalidhoofika, kwani sindano chache katika ubongo hazimjengi panya mwili.

Hata hivyo, kupenda chumba si sawa na kujipatia dawa. Pengo hilo lilishughulikiwa na Ruth Wood, Chuo Kikuu cha Southern California. Mwaka 2001 yeye na mwenzake walionesha kwamba hamsta dume hunywa kwa hiari maji yenye testosteroni. Mwaka 2004 kundi lake liliripoti kwamba panya na hamsta dume hujidunga homoni hiyo, ama kupitia mshipa wa damu ama katika matundu ya ubongo yenye majimaji, ambako ladha haiwezi kuwa sababu. Hamsta jike nao walijipatia homoni hiyo. Hivyo jambo hili halikuwa la dume peke yake.

Tokeo zito zaidi lilikuja mwaka 2005. Takribani robo ya hamsta waliojipatia testosteroni ndani ya ubongo walikufa. Kabla ya kufa, mwendo wao, upumuaji na joto la mwili vilishuka, dalili zinazofanana na za kuzidisha afyuni, na naltreksoni, dawa inayozuia athari za afyuni, ilizikinga. Hapa neno "utegemezi" lilipata maana ya kifiziolojia ambayo mjadala wa mwaka 1990 haukuwa nayo.

Matokeo haya yana mipaka. Mvuto wa testosteroni kwa wanyama ni hafifu ukilinganishwa na ule wa kokeini, na kipimo kinachoingizwa ubongoni hakilingani na sindano ya mwanamichezo. Aidha, utafiti uliofuata kwa hamsta haukuona testosteroni ikipandisha dopamini katika nukliasi akumbensi, jambo linalotatiza maelezo yaliyotokana na panya. Si sahihi, basi, kusema kwamba maabara iliithibitisha sheria. Sheria ilitungwa kwa hoja za haki katika michezo na hofu kwa afya ya vijana. Maabara ilijibu swali jingine, finyu zaidi, kwamba homoni inaweza kutafutwa kwa ajili yake yenyewe. Mwanahistoria anayeyachanganya mawili haya huwapa watunga sheria ushahidi ambao hawakuwa nao, na huficha gharama iliyolipwa baadaye na wanyama ili ushahidi huo upatikane.